Maji ya Jana

Kazi yake ilikuwa kuchota bahari na kuipeleka maabara. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi alivaa buti ndefu za mpira, akatundika kasha la barafu begani, akaingia majini hadi magotini. Alizamisha chupa mdomo ukiwa umeelekea mkondo, akaifunga humo humo kabla ya kuitoa. Mwokoaji wa ufukweni alimwita Mama Chupa, ingawa mtoto hakuwa naye. Yeye naye alimwita mwokoaji Filimbi, maana mtu yule hata salamu aliitoa kwa kupuliza.

Maabarani maji yale yalichanganywa na unga wa dawa, yakamiminwa kwenye trei yenye vishimo vidogo vidogo, yakafungiwa katika kabati la joto mpaka kesho yake. Hapo ndipo alipozima taa ya chumba na kuwasha ile ya zambarau. Maji safi yalibaki na kiza chake. Maji yaliyoingiliwa na choo yaling'aa buluu, kishimo baada ya kishimo, kama macho yanayofumbuka.

"Shida ya kazi yetu," alizoea kumwambia mama yake mdogo, "ni kwamba tunaijua jana. Leo hatuijui."

Mama mdogo ndiye aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki. Mama mdogo huyo alikuwa na sukari na magoti mabovu, na daktari alimshauri aogelee. Basi akanunua kofia ya kuogelea ya njano, akachagua ngazi za mawe karibu na mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu magoti yake hayakuelewana na mchanga. Siku za kupima walikutana pale.

"Unanipima mimi au maji?" aliuliza kila mara, kichwa tu kikiwa nje.

"Wewe siku hizi hupimiki, mamdogo."

Alhamisi moja, baada ya mvua ya siku mbili, walitaniana hivyo hivyo. Bahari ilikuwa tulivu, ina rangi ya kupendeza. Kiatu kipya kilikuwa kimemchubua mama mdogo kisigino, naye akasema maji ya chumvi yatakikausha. Mama Chupa akachota, akafunga, akaenda zake.

Ijumaa trei ya ngazini iliwaka yote. Alimpigia Filimbi apandishe bendera nyekundu, kisha akampigia mama mdogo. Simu ilipokelewa na binti wa mama mdogo.

"Dada, mama ana homa tangu jana jioni. Mguu umevimba hadi gotini, haugusiki."

Wiki haikuisha. Daktari hakusema ni bahari. Wala hakusema si bahari.

Msibani hakuna aliyemnyooshea kidole. Wajomba walimpa pole kama walivyowapa wengine, wakamwongezea chai. Heri wangemsema, angalau angepata la kujibu.

Aliporudi kazini, mvua ilikuwa imeanza tena. Alikuwa ameinama pale ngazini, chupa mkononi, aliposikia sauti nyuma yake, karibu kabisa na sikio.

"Unanipima mimi au maji?"

Aligeuka kwa kishindo hata maji yakamwingia butini. Hapakuwa na mtu. Lakini kule kwenye mdomo wa mfereji, kitu cha njano kilikuwa kikipanda na kushuka na mawimbi. Alipopangusa miwani, hakikuwapo tena. Akajiambia ni dumu, ni mfuko, ni machozi. Kesho yake trei ya ngazini iliwaka.

Ikawa ndio mtindo. Akiiona kofia, trei huwaka. Asipoiona, trei hubaki na kiza. Hakumwambia mkuu wa maabara. Angeanzaje? Alipunguza kula, akaanza kulala na redio imewashwa, na kila alipozima taa ya maabara alihesabu hadi kumi kabla ya kuibonyeza ile ya zambarau.

Mwishowe alimuuliza Filimbi, kwa sauti ya mzaha, kama amewahi kumwona mtu wa kofia ya njano.

Filimbi alijikuna shingo. "Yule binti wa marehemu? Mbona huja. Nikadhani unajua."

Alicheka kwa faraja. Kumbe ni mtu! Jioni ile ile alikwenda kwa mdogo wake. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa taulo bafuni, bado ina unyevu.

"Kwa nini unaingia kwenye maji yale?"

"Nikiwa mle silii, dada. Hapa nyumbani nalia hata nikiosha kikombe."

"Lakini maji yale ndiyo..."

"Najua ndiyo." Binti alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, ambacho shuka lake halikuwa limebadilishwa. "Naogelea nikidhani labda atapita. Utaniona nimepata kichaa."

"Siku za mvua usiende. Nakuomba."

"Sawa. Siku za kazi kwanza sipati hata nafasi. Mimi huenda Jumapili tu."

Mama Chupa aliinuka. Aliaga, akashuka ngazi za jengo lile ameshikilia ukuta. Yeye Jumapili hakuwahi kukanyaga ufukweni.

Mvua kubwa ikapiga mwisho wa wiki. Jumatatu kukapambazuka jua kali na anga imeoshwa. Alipofika alikuta basi la shule limeegeshwa, na watoto wamepangwa mchangani na nguo zao za kuogelea, wanarukaruka mahali pamoja wakingoja filimbi. Alikwenda ngazini, akachota, akafunga chupa, akaiweka kwenye barafu. Alipoinua macho, kofia ilikuwa pale mfereji unapomwagia, na safari hii mkono ulikuwa umenyanyuka kando yake.

Aliwaza jambo moja tu: mdogo wake amevunja ahadi. Akaita. Akaingia. Buti zilijaa maji zikawa nzito kama mawe, naye akaendelea, maji kifuani, maji kidevuni. Kila alivyosogea, kofia ilibaki umbali ule ule. Mkondo wa mfereji ukamzoa miguu. Akazama, akameza, akaibuka, akaita tena, akameza tena.

Mkono ulimkamata ukosi wa koti. Alikuwa Filimbi. Alimburura hadi kwenye ngazi na kumlaza juu ya jiwe. Juu yao alisimama binti, na nguo zake za ofisini, mkavu, anapiga kelele. Mkononi ameishika kofia ya njano.

"Nilikuletea wewe!" alikuwa akisema. "Nilipita kukuachia, nisije nikashawishika kurudi!"

Mama Chupa alinyoosha mkono, akaigusa kofia ile: kavu. Kisha akamshika Filimbi mkono. "Watoto wasiingie."

"Umepata majibu?"

"Majibu kesho. Wasiingie leo."

Filimbi alimtazama, akautazama mfereji, akaenda kupandisha bendera. Mwalimu alikuja juu: wametoka mbali, wazazi wamechanga nauli, na maji yenyewe haya, mbona yanang'ara? Filimbi alisimama tu mbele ya bahari na mikono kifuani, analowesha mchanga, mpaka basi likageuza.

Usiku haujaingia Mama Chupa alikuwa wodini, tumbo linamsokota, homa inampandisha na kumshusha. Siku ya pili mwenzake wa maabara alipiga simu. Trei ya ngazini haikuwa na kishimo hata kimoja chenye kiza.

Binti ndiye aliyekaa naye, akimpa maji ya kunywa kwa kijiko. Alingoja homa ipungue ndipo akauliza.

"Dada, pale majini ulikuwa unamwita nani?"

"Wewe."

"Hapana. Ulikuwa unasema, mamdogo, toka kwenye maji hayo. Sote tulisikia."

Chupa ya dripu ilidondosha matone yake. Mtu alikohoa kitanda cha pili.

"Alikuwaje?" binti akauliza tena, na sauti yake ilikuwa na wivu ndani yake.

"Hakugeuka."

Binti akavuta shuka, akalinyoosha mahali ambapo lilikuwa limenyooka tayari. "Mimi kwangu hakuja hata mara moja," akasema.

Mkuu wa maabara alikuja kumjulia hali na hakuuliza alichokiona. Alisema tu kwamba sasa bendera itapanda mara mvua kubwa inaponyesha, bila kungoja trei. Mafundi wa manispaa walifukua barabara nyuma ya ufukwe wakakuta bomba la choo limepasuka, linachuruzika kwenye mfereji wa mvua. Walilibadilisha. Watu walilalamikia foleni ya magari, kisha wakasahau.

Tangu hapo trei za ngazini zinabaki na kiza, hata baada ya mvua. Mama Chupa amerudi kazini, na kila Jumanne na Ijumaa akishazima taa ya zambarau, simu yake huita.

"Vipi majibu, dada?"

"Safi," hujibu.

Na binti hunyamaza kidogo kabla ya kusema, "Haya. Vizuri."