Kuogesha Gari la Baba

Shangazi hakuwahi kumsubiri mtu amalize sentensi. Mteja akifika kwenye cherehani yake na kuanza, "Nataka gauni, mikono iwe...", yeye keshakata kitambaa, na mikono imeshakuwa vile anavyotaka yeye. Watu walimvumilia kwa sababu gauni lilitoka zuri. Lakini siku moja kabla ya harusi ya binti wa kaka yake, tabia hiyo nusura imwadhiri mbele ya ukoo mzima.

Asubuhi hiyo aliingia duka la vifaa vya magari kama mtu anayeingia kwake. Gari lililomleta lilikuwa la marehemu kaka yake, jeupe, la zamani, lenye milango mizito ambayo ukiifunga inalia kwa heshima. Enzi za uhai wake, kaka mtu hakusema anaosha gari. Alisema analiogesha. Likitiwa petroli, limekula. Likikataa kuwaka, limenuna. Binti yake alikuwa msaidizi wake tangu hajajua kufunga vifungo, na alikabidhiwa taa za mbele, maana ndizo alizoweza kuzifikia. "Siku ya harusi yako," baba mtu alikuwa akimwambia, "mimi na huyu ndugu yangu ndio tutakaokupeleka." Basi yeye akatangulia mbele ya haki, na ndugu yake akabaki nyuma ya nyumba chini ya turubai, akifubaa mwaka hadi mwaka.

Fundi alikuwa amelipitia na injini ilikuwa inawaka vizuri. Kilichobaki ni sura, na hapo ndipo bi harusi alipotoa uamuzi wake. "Shangazi, gari la Baba likikubali kung'aa, nitapanda hilo. Lisipong'aa, nitapanda la Mjomba. Sitaki watu wamcheke Baba." Mjomba, kaka wa mama yake, alikuwa na gari jipya jeusi, na ungedhani harusi ni ya gari hilo, kwa jinsi alivyolinunulia utepe mapema.

"Nipe dawa ya gari," Shangazi alimwambia muuzaji.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mwili mkubwa, sauti ndogo. Ukuta mmoja tu ulimtenga na fundi wa vyuma aliyekuwa akikata mabomba kwa mashine.

"Linaumwa nini?"

"Limefubaa. Nipe zote."

"Gari halipewi dawa zote kwa mkupuo, dada yangu. Litazimia." Muuzaji alitoka nje, akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama kilivyojaa unga mweupe. "Rangi ya juu imekufa, ya chini iko hai. Njoo."

Ee bwana, raha aliyoipata Shangazi kwenye zile rafu! Chupa za kijani, za zambarau, za rangi ya machungwa, na kila moja aliifungua kifuniko akainusa. Alishika kitambaa cha kufutia, akakibonyeza shavuni kwa ufundi wa mtu wa nguo, akaapa kwamba kingefaa kumvisha mtoto mchanga. Alichukua vinne.

"Hii shampuu ya lazima?" aliuliza. "Nyumbani nina sabuni ya vyombo, tena ya kutosha."

"Weee! Sabuni ya vyombo inakata mafuta, inavua na kinga yote ya rangi. Hiyo yaachie masufuria. Chukua shampuu, na uwe na ndoo mbili. Moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, usije ukalisugua gari kwa mchanga wake mwenyewe. Likikauka, chukua hii krimu, sugua mpaka rangi iliyokufa itoke. Mwisho kabisa, hii." Aliinua kopo bapa. "Nta. Kidogo tu, kwa sifongo, unazungusha. Subiri iwe kama ukungu, halafu..."

Ng'ambo ya ukuta mashine ikaanza kulia. Muuzaji aliendelea kusema, na Shangazi akaendelea kuona midomo inacheza. Alichokisikia ni maneno mawili tu: paka mafuta.

"Yoyote?" alipiga kelele.

Muuzaji akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, akamjibu, na Shangazi akasikia: yoyote.

Ilimwingia akilini moja kwa moja. Mtu akishaoga si anapaka mafuta? Mtoto akitoka bafuni bila kupakwa si atapauka miguu? Gari la kaka yake lilikuwa linaoga, linakula, linanuna. Mafuta lingeyakosea nini? Alikusanya mali yake, akaondoka huku muuzaji bado ameinua kidole.

Mchana huo ua mzima ulikuwa na furaha ya kupitiliza. Bi harusi alikuwa amekaa kizingitini, kucha zake mbichi kwa rangi, amekatazwa kugusa hata mswaki, na kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuamuru. "Pale, Shangazi! Chini ya kitasa!" Povu lilishuka jeusi, likashuka la kahawia, likashuka jeupe. Kisha Shangazi akafungua ile krimu, akaanza kusugua mlango wa dereva, na pale alipofuta, weupe ukatoka. Weupe wa maziwa, ule wa zamani! Shangazi alipiga kigelegele peke yake, bila kusubiri harusi.

"Wifi! Njoo uone!"

Mama wa bi harusi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akaziba mdomo. "Jamani," alisema. "Lilikuwa hivi kweli."

Walisugua wote wawili mpaka mabega yakawaka. Wakapaka nta. Ikawa ukungu, kama alivyoambiwa.

"Sasa lete mafuta," Shangazi aliagiza.

"Ya kupaka au ya kupikia?"

"Yoyote. Nimeuliza."

Wifi yake alileta kopo kubwa la mafuta ya mgando, lile la familia. Wakalipaka gari kuanzia paa hadi milangoni, wakalikanda na kulipapasa, na wifi mtu akachukua kidogo akajipaka viwiko, maana kopo lilikuwa limeshafunguliwa. Na liling'aa! Jua la jioni lilipogonga lile boneti, mtu aliweza kujiona mpaka nyusi. Bi harusi aliruka kutoka kizingitini akasahau kucha, akamkumbatia shangazi yake mwenye jasho na mafuta. "Nitapanda hili! Shangazi, nitapanda hili!"

Mjomba alipita kuangalia maandalizi, akasimama kama aliyekutana na askari. Akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Shangazi alimkemea. "Wewe una lako."

"Shemeji, mimi nasalimu amri," Mjomba alisema, na Shangazi akalala usingizi mtamu wa mshindi.

Kulipokucha, wanawake wa jirani walikuja na mafagio kusaidia kuandaa ua. Walifagia kwa moyo wote, ua ule mkavu, na upepo ukawasaidia kwa moyo wote pia. Shangazi alitoka na kikombe cha chai mkononi, akalitafuta gari jeupe, asilione. Pale lilipokuwa limeegeshwa kulikuwa na gari la kahawia. Vumbi lilikuwa limeganda mwili mzima, na juu ya vumbi yamekaa majani, nyuzi za fagio na manyoya ya kuku. Kwenye mlango wa nyuma ilinata tiketi ya basi ya mtu asiyejulikana.

Alipitisha kitambaa kimoja kilichokuwa safi. Kikaacha mfereji wa tope. Ndani, bi harusi alikuwa anasukwa, anacheka na wenzake, hana hili wala lile. Mjomba alikuwa anaegesha lile jeusi langoni, lenye utepe.

Shangazi akampigia simu muuzaji kwa namba iliyokuwa kwenye risiti. "Dawa yako imeniua!"

"Ya aina gani?" ile sauti ndogo iliuliza, na safari hii hakukuwa na mashine.

"Nimepaka nta, nimepaka mafuta ulivyosema, na sasa gari limekusanya vumbi la mji mzima!"

"Nani alikwambia upake mafuta?"

"Wewe! Kwa mdomo wako! Paka mafuta!"

"Dada yangu. Nilisema, 'Paka, futa.' Unapaka nta, halafu unaifuta."

"Na nilipokuuliza kama ni yoyote?"

"Nilisikia unauliza kama ufute yote. Nikasema ndiyo, yote!" Kisha yule mama akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho huwezi kudhani kinatoka kwenye sauti ile, na Shangazi, pamoja na maji kumfika shingoni, akajikuta naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Sikiliza," muuzaji alisema. "Una sabuni ya vyombo?"

"Si jana umenikataza?"

"Jana lilikuwa gari. Leo ni sufuria. Tia maji ya uvuguvugu, kata mafuta yote, suuza, kausha, rudia nta. Halafu?"

"Nifute."

"Haya. Kimbia."

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, na pengine tangu azaliwe, Shangazi alikuwa amemsikiliza mtu mpaka mwisho.

Ikawa patashika. Wifi yake alibeba maji ya moto yaliyokuwa ya chai ya wageni. Wanawake wa mafagio waliyatupa mafagio wakashika vitambaa, wengine na vitenge vyao vipya vimefungwa juu ya magoti. Shangazi alijikaza kisabuni, akasugua bila kuinua kichwa, na alipoinua alimwona Mjomba amesimama mbele yake. Alijua amekuja kumcheka. Mjomba alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari lake jipya, akakunja mikono ya shati jeupe.

"Mimi napaka, wewe unafuta," alisema. "Na shemeji yangu huko aliko asije akasema nililitelekeza gari lake."

"Paka!" Shangazi akaita.

"Futa!" wanawake wakaitikia.

Wakaenda hivyo, paka, futa, paka, futa, kuzunguka gari lote, na ua ukawa ngoma tupu. Weupe ukarudi. Safari hii haukuwa ule wa kuteleza wa jana. Ulikuwa weupe mkavu, uliotulia, wa gari lililotunzwa. Walifika mbele, Shangazi akafuta boneti kwa mara ya mwisho, na ndipo alipoona. Taa. Hakuna aliyezikumbuka. Alikuwa amenunua dawa ya rangi, ya vioo na ya matairi, akasahau taa, na sasa zile taa mbili za manjano, zenye ukungu wa miaka, zilikuwa zinamtazama katikati ya weupe wote ule kama macho ya mzee mgonjwa. Alizisugua kwa kitambaa na kucha. Hazikubadilika.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa.

Bi harusi alitoka akiwa ndani ya gauni ambalo Shangazi alilishona kwa mikono yake. Vigelegele vilianza, vikakatika, maana kila mtu alikuwa anangoja. Binti alilizunguka gari polepole, akishika gauni lisiburute. Akatazama milango, akatazama paa, akaja mbele. Akasimama mbele ya zile taa muda mrefu. Akageuka, akarudi ndani.

Shangazi aliachia kitambaa kikaanguka. Alitaka kumwomba kaka yake msamaha, akakosa hata pa kuelekeza uso. Mjomba, bila kumtazama mtu, akachukua koti lake, akatoa ufunguo mfukoni, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Kisha bi harusi akatoka tena. Mkono mmoja alikuwa amekusanya gauni lote kiunoni, na mkono wa pili alikuwa na mswaki mkuukuu na dawa ya meno.

"Ninyi," alisema, akiwatazama mmoja mmoja, "mmeliogesha, mmelipaka mafuta, na hamkulipigisha mswaki!"

Akapiga magoti mbele ya gari. Akaminya dawa ya meno kwenye taa ya kulia, kama alivyokuwa akifanya wakati taa zilipokuwa usawa wa pua yake na baba yake amesimama nyuma akimwambia asisahau magego. Akasugua kwa mduara. Ukungu ukalainika, ukageuka povu la manjano. Aliposuuza, kioo kilikuwa cheupe. Akahamia ya kushoto. Mama yake alikuwa amemshika Shangazi mkono, anaubana kwa nguvu kama mtu anayeteleza.

Aliposimama, tone la povu lilikuwa limemkaa kifuani, juu ya ile kazi ya lesi iliyomgharimu Shangazi usingizi. Mama yake akaokota kitambaa, akamsogelea.

"Usifute, Mama," bi harusi alisema.

Mama akamtazama Shangazi, fundi wa gauni, mwenye neno la mwisho. Shangazi akafungua kinywa, akakifunga, akamngoja binti amalize.

"Liache hapo," binti alisema. "Niende nalo."

Shangazi akamfungulia mlango mzito, akaufunga ukalia kwa heshima, akazunguka upande wa dereva. Alipowasha gari, aliwasha na taa pia, mchana kweupe, na Mjomba aliyekuwa nyuma na gari lake jeusi naye akawasha zake.