Mbao Nane za Sululu

Dirisha namba tatu lilimlipa mjane fidia ya mumewe saa nne asubuhi, na dirisha namba tano likaipokea saa nne na dakika ishirini. Jengo lilikuwa moja na kampuni ilikuwa moja. Katikati ya madirisha hayo palikuwa na benchi la plastiki na mtungi wa maji ya kunywa uliokwisha, na mjane, ambaye ni fundi cherehani na hapendi kukaa bure, alizitumia zile dakika ishirini kusoma kijitabu chenye picha za nyumba.

Nyumba zenyewe zilikuwa za vipande. Huundwa kiwandani zikiwa na milango, vioo na hata soketi, hupakiwa kwenye malori zikiwa mapande matatu, na huungwa kwenye kiwanja cha mteja kwa siku moja. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Sululu isipokuwa mama yake mzazi, aliichimbia kampuni hiyo misingi na mitaro kwa miaka kumi na minne, mpaka mtaro mmoja ulipomfunika. Kiwanja walishakinunua wakiwa wawili. Mjane aliona kwamba pesa ikikaa mkononi, ndugu watakuja kuijulia hali kila siku mpaka iishe. Afadhali iwe ukuta.

"Hongera sana, mama," alisema bwana mauzo, akagonga muhuri. "Nyumba inafika baada ya siku ishirini na moja."

Ukurasa wa kumi na tisa aliusoma akiwa nyumbani. Maandishi yalikuwa madogo sana, lakini anayekula kwa kutia uzi kwenye sindano hashindwi na maandishi. Bei, ukurasa ulisema, haihusu kiwanja. Kung'oa visiki na kusawazisha ardhi, nguzo za msingi, njia ya lori, kreni, bomba la maji, mtaro wa majitaka, umeme na vibali vinne, yote hayo ni ya mteja. Kiwanja kisipokuwa tayari siku ya ishirini na moja, nyumba itarudi kiwandani, baada ya wiki mbili itauzwa kwa mwingine, na malipo hayatarejeshwa. Alijumlisha gharama hizo mara tatu kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza. Mara zote tatu zilikuwa theluthi ya bei ya nyumba.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza bwana mauzo kesho yake.

"Mama, sisi tunauza nyumba. Chini ya nyumba ni juu yako."

Aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akalipa kreni na vibali. Wifi yake alivunja kibubu, ikapatikana simenti. Maji na umeme vingesubiri. Wachimbaji aliowaita walitaja bei, wakamtazama usoni, wakapunguza kidogo, kisha wakaenda zao. Zilibaki siku kumi na tatu. Nyumba ikirudi kiwandani, Sululu atakuwa amekufa bure, na hilo lilimuuma mjane kuliko njaa.

Jumanne saa mbili na robo asubuhi alimkuta marehemu mumewe kiwanjani, anapigilia vigingi vya kamba. Alikuwa na udongo masikioni. Miguuni alivaa viatu vya mpira vya kazini, vile vile ambavyo kampuni ilivikata kwenye mshahara wake wa mwisho kwa kuwa havikurudishwa stoo.

"Umechelewa," alisema mjane.

"Nimeanza saa moja. Wewe ndiye umechelewa. Shika hapa."

Akampa ncha ya mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Mmoja hushika ncha huku na mwingine kule, na maji yanapotulia pande zote mbili, hapo ndipo usawa ulipo. Maji hayana mjomba, Sululu alizoea kusema enzi za uhai wake. Wakapima kona nne namna hiyo, mume akirudi nyuma na mke akisogea mbele, urefu wa mpira kati yao. Mjane alitaka kumwambia kwamba kitanda kimekuwa kikubwa mno.

"Maji yako yanacheza," alisema Sululu.

Mjane akatuliza mkono.

Majirani walipita, wakatoa pole ya kazi. Wifi alileta chai ya mtu mmoja, akamwona kaka yake, akarudi kuchukua kikombe cha pili.

"Kaka, hata huko hawakupumzishi?"

"Huko napumzika vizuri. Kazi iko huku."

Kwa siku nane Sululu aling'oa visiki, akasawazisha ardhi, akatengeneza njia ya lori na kuchimba mashimo kumi na manane ya nguzo. Mjane na wifi walikoroga zege. Chai, Sululu aliishika tu mpaka ikapoa. Kila siku saa kumi na moja jioni aliosha sululu yake, akashika njia ya makaburini pamoja na watu waliokuwa wakitoka kazini.

Siku ya tisa alikuja mhandisi wa kampuni kukagua. Alikuwa amemsimamia Sululu kwa miaka sita, na siku ya ule mtaro alikuwepo.

"Sululu. Habari za huko?"

"Salama, mhandisi."

Mhandisi alipima, akaridhika, akaandika. Kisha akasema mtaro wa majitaka lazima ushuke mita mbili na nusu, la sivyo hasaini. Sululu alianza kuchimba, na udongo ulipomfika kiunoni akatoka, akakaa ukingoni.

"Nataka mbao," alisema.

"Za nini?" aliuliza mhandisi. "Aliyekufa hafi tena."

"Za kukinga kuta."

Mjane alikuwa ameambiwa kwamba ardhi iliteleza, kwamba ni ajali, kwamba ni kazi ya Mungu. Aliuliza kama kule mbao zilikuwepo. Mhandisi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa. Hazikuwepo, alisema. Zilikuwa kwenye bajeti ya eneo, mstari wa nne, mbao nane, lakini mwezi ule gharama zilizidi, ofisi ikaona ifute mstari mmoja. Sululu aliziulizia asubuhi. Akaambiwa ashuke tu, zitakuja kesho.

"Nikashuka," alisema Sululu.

Mjane alikwenda dukani. Mbao nane ziligharimu pungufu ya shada la maua ambalo kampuni ilileta mazishini. Bei ya shada hilo aliijua kwa sababu hawakubandua kibandiko. Alilia pale pale mbele ya mizani ya misumari, kwa hasira kuliko huzuni, na mwenye duka akamsubiri amalize ndipo akamkatia risiti. Akazibeba mwenyewe kwa safari mbili, nne nne. Alishuka mtaroni, akazipanga pamoja na mumewe, wakazibana kwa magogo, na Sululu akachimba mpaka mita mbili na nusu. Kuta hazikumwaga udongo hata wa kujaza kijiko.

Nyumba ilifika siku ya ishirini na moja kwa malori matatu. Ilikaa juu ya zile nguzo bila kuwekewa hata kipande cha boksi cha kuisawazisha, na milango yote ikafunga. Bwana mauzo alikuja na kamera. Aliipiga picha nyumba, akampiga picha mjane, kisha akampiga picha pamoja na Sululu aliyesimama nje ya mlango.

"Ingia basi," mjane alimwambia mumewe walipobaki wawili.

"Viatu vina udongo."

"Vivue."

Sululu aliketi kizingitini, akavuta kimoja, akavuta cha pili. Mjane naye akashika kisigino, akavuta. Havikutoka. Walikaa pale mpaka saa kumi na moja, halafu Sululu akaenda zake.

Barua ililetwa Jumatatu, ikiwa na jina la marehemu. Ilisema kuwa viatu vya kampuni havijarudishwa stoo, hivyo mkataba wa mfanyakazi huyu haujafungwa, na kwa kuwa mhandisi amethibitisha kwamba kazi anaiweza, aripoti. Mjane alipeleka dirisha namba tatu karatasi ya mshahara inayoonyesha kwamba viatu vilishakatwa. Karani aliisoma yote. Alisema ile ilikuwa faini, bei ya viatu ni kitu kingine. Alisema pia kwamba kwa haki mjane angepaswa kuirudisha fidia, ila kampuni imemsamehe. Mwenye nguvu mpishe, na mjane akapisha, maana nyuma yake kulikuwa na foleni.

Siku hizi kijitabu kina picha yao kwenye jalada, na gharama za eneo zimeshuka. Jumatatu moja mjane akiwa kwenye lile benchi la plastiki, alimsikia bwana mauzo akiwaeleza mtu na mkewe.

"Kama mna marehemu wenu aliyewahi kuchimba, mtumieni. Kama hamna, kampuni inao kumi na saba."

Mjane alikuwa akimjua mmoja tu. Yule mke aliuliza kama ni wachapakazi.

"Kufa kufaana, dada," alisema bwana mauzo, akagonga muhuri.

Mjane alikuwa amekuja kuuliza Sululu yuko kiwanja gani wiki hiyo. Huuliza kila Jumatatu. Akishaambiwa, hukodi mkokoteni kwa pesa ya kushona, hupakia mbao zake nane na kumfuata. Wale wengine kumi na sita nao huziulizia, kwa hiyo hushuka mtaroni kwa zamu. Ofisi imeliona hilo na imelipenda. Katika bajeti ya eneo mstari wa nne umerudishwa, mbao nane, na kwenye safu ya bei wameandika: mkewe huja nazo.