Chupa Ndani ya Koti la Mwalimu

Jamani, mtasema natunga, lakini jana nilikubali mbele za wageni ugonjwa ambao sina, na bado nikaumbuka!

Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi. Mwaka wa sita huu anaishi na virusi, na kila siku saa sita kamili mchana anameza kidonge chake. Hajawahi kuruka hata siku moja. Mchumba wake, fundi umeme, anajua. Walikwenda kliniki pamoja, wakaambiwa virusi vimefubaa kabisa, hawezi kumwambukiza. Na mama ndiye humsindikiza kliniki, na mtu akimsema dada vibaya, mama humvaa mzimamzima. Ndiyo maana alichofanya jana kinaniuma.

Jana wazazi wa mchumba walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza.

"Tukishakula nitawaambia mwenyewe," dada akasema.

"Leo?" Mama akaruka. "Watu hata viti hawajavizoea, unawatwisha mzigo?"

"Mama, mwili ni wangu."

"Na nyumba ni yangu!"

Dada alipoingia kuoga, mama akachukua chupa ya dawa, akabandua karatasi yake, akanishindilia mkononi. "Ficha. Atameza wakiondoka. Ukifungua mdomo, tusijuane."

Nikaitumbukiza mfuko wa ndani wa koti lililotundikwa karibu na cherehani. Eti akili! Haikupita nusu saa, mwalimu mmoja, mteja wa dada, akaja kuchukua nguo yake. Mimi macho kwenye simu, nikamkabidhi koti. Lile lile! Kuja kushtuka, kashapotea. Nampigia, hapatikani. Nimempigia mara kumi na saba, simu yangu shahidi.

Saa sita. Wakwe wamekaa sebuleni, mlango wa chumba cha kazi uko wazi, fundi umeme kabanwa katikati yao kama mtuhumiwa. Dada anapekua meza, anapekua vitambaa, anainama chini ya cherehani. Ananitazama. Mimi natazama simu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Sindano," mama akadakia.

Hodi! Mwalimu huyo mlangoni, koti mwilini, chupa mkononi. "Fundi, nimeikuta mfukoni. Si yangu hii."

Mama akaninyooshea kidole. Mimi! "Za huyu. Kichwa kinamsumbua."

Sasa, mama mkwe ni muuguzi mstaafu. Akaipokea chupa, akafungua, akatazama kidonge kimoja tu. "Hizi si za kichwa. Hizi ni za virusi. Ni zako, baba?"

Mama akanikanyaga mguu.

"Ndiyo, shikamoo," nikasema. Shikamoo ya nini, sijui!

"Pole sana. Kumbe mko wawili? Maana mwanangu alishatueleza habari za mchumba wake tangu mwezi uliopita. Leo tumekuja kuona kama kwao ana watu wa kumshika mkono."

Dada akamgeukia fundi umeme. "Na wewe? Si tulikubaliana nitasema mwenyewe?"

"Nilitaka nikupunguzie..."

"Watu ninao, mama," dada akamwambia mkwe. "Tena wengi. Ila hakuna hata mmoja aliyenisubiri niseme."

Akachukua chupa, akameza kidonge kwa maji ya mgeni. Saa sita na dakika ishirini na moja. Akaingia chumba cha kazi, akafunga mlango kwa ufunguo, cherehani ikaanza kunguruma.

Chakula hakikuguswa. Fundi umeme aligonga mlango mpaka vidole vikamuuma, ndipo wazazi wake wakaaga. Mama hajaniambia neno tangu jana, ila hili moja: "Yote haya ni simu yako!"

Simu yangu! Haya, nyie niambieni: mama kakukanyaga mguu, mkwe kashika chupa, na dada yako yuko pale anakutazama. Ungejibu nini?