Mpelelezi wa Kurasa Tatu

Idrisi alikuwa na duka la nyama mjini Meru, na kila gazeti lilipofika aliwasomea wateja hadithi za wapelelezi, kisha akawachambulia: huyu mpole, yule ana kiburi, na ushahidi ni mstari huu hapa. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, Kiambi wa idara ya upelelezi aliingia dukani asubuhi, akaweka kurasa tatu juu ya meza ya nyama.

"Nimeandika hadithi, Bwana Idrisi. Niambie huyu mpelelezi wangu ni mtu wa namna gani. Na kila kitu unasema, onyesha mahali imeandikwa."

Idrisi akasoma. Mpelelezi anafika ukingoni mwa msitu, anawafukuza askari wenye kelele, anaokota kichwa cha mbuzi, anakigeuza, anacheka. Basi.

Akajua ni kichwa kipi. Siku tisa zilizopita alikuwa amepanda huko kuwachinjia mbuzi rafiki yake Mbae na wenzake wa msituni. Wao walitaka kumziba mbuzi pumzi, kama desturi yao, ili damu isipotee. Yeye, kwa ubishi wake, akang'ang'ania kisu na bismillahi, maana nyama nyingine asingeila. Na kuwalisha watu wa msituni kulikuwa kosa la kunyongwa.

"Ni mtulivu," alisema, akiweka kidole juu ya mstari. "Hapa, amewafukuza wenye kelele."

"Endelea."

"Hana haraka. Ameokota kichwa, hajaandika kitu."

"Na hapa anacheka. Kwa nini?"

Wapo ambao hofu huwafunga mdomo. Idrisi ilimfungua. Aliona heri aonekane msomaji hodari kuliko mtu anayetetemeka.

"Ni mjuzi, afande. Ameona shingo imekatwa kwa kisu, akajua aliyechinja si mtu wa msituni."

"Nionyeshe mahali nimeandika kisu."

Idrisi akazipekua kurasa. Kisu hakikuwamo. Shingo haikuwamo. Akarudi ukurasa wa kwanza, machozi yakimlengalenga, akimwomba Mungu neno lile litokee hata mara moja tu. Kiambi alimwacha atafute mpaka mwisho, ndipo akamwita askari aliyesimama nje.