Nilivyoipoteza Lushoto kwa Konokono

Jana usiku, badala ya kupumzika kama watu wengine, niliota nimekalishwa kwenye dawati dogo nafanya mtihani wa mafumbo ya hesabu. Msimamizi ni binti yangu Zaituni, mwenye miaka tisa.

Nikamkumbusha kwamba nafundisha hesabu darasa la sita, mwaka wa kumi na nne huu. Akasema anajua, ila hilo halimo kwenye swali.

"Shati moja likianikwa juani linakauka kwa saa moja. Mashati matano je?"

"Saa tano."

Nyuma yangu mashati matano yakaguna kwenye kamba. "Kwani tunakauka kwa foleni?" likauliza lile la mikono mirefu.

"Umeshindwa, Baba," anasema Zaituni. "Nipe mji."

Ndivyo tunavyocheza vitendawili nyumbani: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega hujifanya amekwenda huko kula raha, kisha hutoa jibu. Ni maneno tu. Nikampa Tanga bila kufikiri.

Tanga ikasimama, ikajikung'uta mchanga, ikaenda kukaa upande wake pamoja na bandari. Sikupendezwa hata kidogo.

Sasa tuko juu ya mti, mimi na dawati langu. Ndege kumi wako tawini, mwindaji kampiga mmoja risasi. Wamebaki wangapi?

"Tisa," nasema, kwa sauti yangu ya ubaoni.

Ndege wananitazama kwa huruma. "Mwalimu, bunduki ikilia, wewe ungebaki?" anauliza mmoja, na wote wanaruka. Nikatoa Morogoro. Milima yake ilipita ikiburuzwa na kunikwaruza kiwiko, na hakuna aliyeniambia pole.

Nilibakiwa na Lushoto peke yake, anakoishi mama yangu. Mwaka wa pili huu sijaenda kumwona. Kila mwezi nasema mwezi ujao.

Tawi likawa ukingo wa kisima. Kisima chenyewe kikasoma swali, kwa kuchoka: "Nina kina cha mita kumi. Konokono anapanda mita tatu mchana, usiku anateleza mbili. Atatoka siku ya ngapi?"

Tatu kutoa mbili ni moja. Nikasema siku ya kumi.

Konokono alikuwa ameshakaa ukingoni, anajifuta. "Nimetoka siku ya nane," akasema. "Siku saba zilinifikisha mita saba. Ya nane nikapanda tatu, nikawa juu. Nikishafika juu, niteleze tena kwa ajili gani?"

Wanafunzi wangu nawalazimisha kila siku kusema, "Sijaelewa, nieleze tena." Mimi nikasema swali lina makosa. Nilijisikia nikisema hivyo, na nikaona aibu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nipe mji," anasema Zaituni.

"Sina mji mwingine."

"Una Lushoto."

"Hiyo siitoi. Yumo mama yangu."

Mlango ukafunguka ubavuni mwa kisima, akatokea mama, anamenya peasi. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Hakunisalimu.

"Mpe mtoto, yaishe," akasema. "Kwani wewe unautumia?"

Nikafungua mkono, Lushoto ikaenda zake na baridi yake yote, na mama akaenda nayo bila kugeuka.

Nikaamka kumekucha, nimechoka kama niliyelima. Nikaenda sebuleni sijamwambia mtu neno. Zaituni alikuwa anakunywa uji, sare imeshavaliwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akapuliza kijiko. "Jumamosi unaweza kwenda kwa Bibi. Nimekuruhusu siku mbili."

Nikasimama pale na taulo begani. Kisha nikamwomba ziwe tatu.

Akasema ataangalia.