Jezi ya Majina Kumi na Moja

Nyumba ya baba mkwe wangu ni ya njano. Sisemi kuta, kuta ni nyeupe kama za watu wengine. Nasema vikombe, taulo, mapazia ya jikoni, saa ya ukutani inayoimba wimbo wa klabu kila ifikapo saa tisa alasiri, muda wa mechi kuanza, na kile kisanamu cha kizee cha udongo kilichosimama bustanini kimevaa jezi ya Aldersyke Town, timu ya mpira ya mji wao, tumbo nje. Kuna hata bakuli la mbwa lenye nembo ya klabu. Mbwa hajawahi kuwepo. Mtu alimpa Wilf, ndiye baba mkwe, bakuli hilo Krismasi moja kwa sababu vitu vingine vyote alikuwa navyo.

Ndivyo watu wa ukoo wa Ackersley wanavyopendana. Maneno matamu hawayawezi, basi wanakwenda duka la klabu. Mimi nimezaliwa Hagthorpe, maili sita tu, ng'ambo ya kilima, ambako watu wanavaa nyekundu na kuwaita hawa wa Aldersyke ndizi mbivu. Siku ya harusi yangu na Nev, baba yake alinipa aproni ya njano iliyoandikwa kifuani: NIMEOKOLEWA KUTOKA HAGTHORPE. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilicheka na mimi. Ningefanya nini?

Lakini juu ya takataka zote hizo ilikuwepo jezi moja. Februari 1972, Town waliwatoa kwenye kombe wakubwa fulani wa London, bao moja bila. Asubuhi ile uwanja ulikuwa umefunikwa na theluji, na Wilf alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwenda na makoleo ya nyumbani kuiondoa. Baada ya mechi nahodha alimwita chumba cha kubadilishia nguo, akavua jezi yake akampa, na wachezaji wakaitia sahihi. "Wote kumi na moja," Wilf angesema, akikunjua vidole vyote vya mikono miwili, kisha anarudia cha kwanza ili itimie. Alisimulia hivyo kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwa fundi bomba aliyekuja mara moja tu.

Zamani jezi hiyo haikuwa ukutani kama sasa. Ilikaa kabatini kwake ndani ya mfuko wa plastiki na haikuguswa na mtu, isipokuwa mama mkwe, Hilda, ambaye kila mwaka baridi ikipungua aliitoa na kuitundika mlangoni ipigwe na hewa.

Miaka kumi na tisa iliyopita mimi na Nev tulikuwa tunaishi kwao tukingoja nyumba yetu. Wazee wakaenda pwani wiki moja. Nikaamua Hilda atakaporudi akute nyumba inang'aa, angalau mara moja aseme huyu msichana wa Hagthorpe si mbaya. Nikakusanya nguo zote, chafu na zisizo chafu. Sasa, Krismasi iliyokuwa imepita duka la klabu lilitoa jezi za kuigiza ile ya 1972: njano, kola nyeusi, mikono mirefu, majina yote kumi na moja yamechapwa kifuani kwa mwandiko mzuri wa dukani, mfano wa sahihi. Kila mtu alipewa yake. Wilf peke yake alipewa tatu. Mlangoni kwao nilikuta jezi nne za njano zimetundikwa pamoja, nikazibeba zote nne, nikazitia kwenye mashine, maji ya moto.

Tatu zilitoka na majina yake. Ya nne ilitoka safi kabisa.

Nilikaa chini, sakafuni jikoni, nimeishika imelowa. Niliogopa mpaka nikasikia baridi. Kisha nikapandwa na hasira, nayo sijaionea aibu hadi leo: mtu gani anaweka roho yake kwenye kipande cha kitambaa, halafu anajaza nyumba vitambaa vinavyofanana nacho? Nev alikuwa kazini. Ningeweza kungoja arudi nimwambie. Lakini nilijua litakalosemwa Aldersyke nzima, kwamba yule mwanamke mwekundu alifanya makusudi. Na wangelisema mpaka naingia kaburini.

Nikaikausha. Nikaitandaza mezani pembeni ya ile ya dukani, nikachukua kalamu nyeusi ya kuandikia maboksi, nikaiga jina moja baada ya jingine, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Yote kumi na moja. Kisha nikaipitisha kwenye chai baridi ili izeeke kidogo, nikairudisha kwenye mfuko.

Wazee waliporudi, Wilf alipanda chumbani na kukaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na mfuko kwapani. "Hilda," alisema, "hii naipeleka ikatiwe fremu." Wiki iliyofuata jezi ilikuwa ukutani, nyuma ya kioo, juu ya meko ya sebuleni, juu kiasi kwamba kuifikia unahitaji ngazi. Nilidhani ni majivuno ya uzee.

Hilda alifariki hakujua. Sisi tukapata nyumba yetu, mtaa wa tatu, lakini chakula cha Jumapili ni kwa Wilf, na kiti changu ni kile kinachotazamana na meko. Jumapili za miaka kumi na tisa, zizidishe mwenyewe. Nimekula viazi nikitazamwa na majina yale. Wageni wakiinua shingo kuisoma, mimi nilikuwa nakwenda jikoni kufungua bomba la maji ili nisisikie. Kusema sikuweza, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa palikuwa na kosa la kufua, kosa la kughushi, na kosa la kunyamaza juu yake. Kuna siku niliomba nyumba iungue, watu wakiwa wametoka.

Mara mbili klabu ilimwomba Wilf aitoe iwekwe kwenye chumba chao cha kumbukumbu. Mara mbili alikataa. Baani wakamwita mchoyo, na yeye ni mtu ambaye angekuvulia koti. Mimi nilimshukuru Mungu kwa uchoyo ule.

Mwaka huu Wilf ametimiza themanini na tano. Tukiwa garini kwenda kwake, keki mapajani mwangu, Nev alikuwa anatabasamu peke yake.

"Mwaka huu simpi kikombe," alisema.

"Umemnunulia nini?"

"Sijanunua. Nimemleta mtu. Len Pargeter."

"Nani huyo?"

"Lorna! Kipa! Kipa wa sabini na mbili! Amerudi kutoka Australia kumtembelea dada yake. Anakuja saa tisa. Naishusha jezi, nawapiga picha yeye na Baba wameishika, jina lake lile pale. Baada ya hapo Baba hawezi tena kuwanyima klabu."

"Simamisha gari. Nasikia kichefuchefu."

"Fungua dirisha," alisema Nev, na akaongeza mwendo.

Saa ya ukutani ilikuwa bado inaimba wimbo wake kengele ilipolia. Len Pargeter alikuwa mzee mrefu aliyepinda kidogo, mkono wa kulia haukunjiki vizuri kwenye kifundo. Wilf alipomwona alisimama nusu, akakaa tena, uso umempauka. Nikafikiri ni furaha imemzidi.

"Pargeter," alisema. "Bado hujafa?"

"Nilikuja kuhakikisha unatangulia wewe," akajibu Len, na wote wakacheka, ingawa cha Wilf hakikuwa kicheko.

Nev alikuwa ameshaleta ngazi.

"Iache huko huko juu," Wilf alisema. "Utatumwagia vumbi kwenye keki."

"Baba, leo hukatai."

"Nev. Nimesema iache."

"Themanini na tano na bado bahili!" Nev alisema akicheka, fremu tayari mikononi. Akashuka nayo, akasogeza sandwichi, akailaza mezani, akafungua vishikizo vya nyuma na kuitoa jezi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Mlango ulikuwa nyuma yangu, hatua nne tu.

Len alivaa miwani. Akaanza kusoma kwa kidole, taratibu, akiwataja wenzake, huyu marehemu, huyu marehemu, huyu alikuwa na deni langu la pauni moja. Kidole kikafika chini ya kola, kikasimama.

"Hili siyo mimi," alisema.

"Ni wewe, mzee," Nev alisema. "Limeandikwa Pargeter."

"Kusoma najua, kijana. Nasema sikuandika mimi. Mkono huu ulivunjika dakika ya sabini, nikadaka nao mpaka mwisho. Filimbi ilipolia wakanipakia kwenye gari la wagonjwa. Wenzangu walipokuwa wanasaini mimi nilikuwa nafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mwezi mzima hata kijiko nililishwa."

Nilisikia jokofu likinguruma jikoni. Nikajiambia, imefika, Lorna, imefika.

"Ni mimi," Wilf alisema.

Tukamgeukia wote.

"Walikuwa kumi. Nahodha aliacha nafasi hapo chini ya kola, akaniambia, Len akipona mfuate atie la kwake. Nikaona haya. Mtu amevunjika mkono, nimfuate na kalamu? Halafu siku ya kwanza kusimulia baani nikasema kumi na moja. Ilinitoka tu. Na watu wa huku ukishawaambia kumi na moja, huwezi kurudi kesho ukasema kumi. Basi siku moja nikalijaza mwenyewe. Nisamehe, Pargeter."

Hakulijaza yeye. Nililijaza mimi, kwenye meza ya jikoni, ulimi nje. Hapo ndipo akili yangu ilipokamata. Siku ile alipopanda chumbani akakaa muda mrefu, alikuwa ameshika jezi yenye jina mahali alipojua fika hapakuwa na jina. Alijua. Alijua tangu saa ile, na asingeweza kunitaja bila kujitaja mwenyewe kuwa mwongo. Tulikuwa tumefungiwa chumba kimoja muda wote huo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Hapana, mimi ndiye niliyedhani. Yeye alijua tuko wawili.

Hata hakunitazama. "Lorna, mwanangu," alisema, "hebu katie maji kwenye birika."

Mlango huo alinifungulia. Nilikuwa nivuke tu, nichemshe maji, na majina mengine kumi yangebaki salama milele. Nilifika hadi kizingitini.

"Miaka yote hiyo, Baba?" Nev alikuwa anasema nyuma yangu. "Nilipigana shuleni kwa ajili ya jezi hii. Nilivunjwa jino."

Nikageuka. Wilf alikuwa anatazama mikono yake juu ya kitambaa cha meza cha njano, mzee wa watu, siku yake ya kuzaliwa, amejivua nguo mbele ya mwanawe ili mimi nibaki nimevaa.

"Ni mimi," nilisema. "Si hilo tu. Yote kumi na moja. Niliifua, Nev. Ile wiki walipokwenda pwani. Niliifua ikafutika, nikaiga majina kutoka ile ya dukani."

Aliyefoka ni Wilf, na katika maisha yangu sijawahi kumsikia akifoka nje ya uwanja.

"We mwanamke! Miaka kumi na tisa nimefunga mdomo! Nimetukanwa bahili mji mzima! Unadhani kwa nini niliipandisha juu vile, mpaka mtu asome kwa darubini? Na wewe umeshindwa kuchemsha maji!"

"Nimeshindwa, Baba," nilisema, na machozi yakaja yenyewe, nikayaacha.

"Ulijua, Baba?" Nev aliuliza.

"Nahodha wangu alikuwa na mwandiko kama kuku kapita. Huyu kamwandikia kama katibu wa kanisa. Nitaachaje kujua?"

Len Pargeter ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nimesafiri nusu ya dunia," alisema, "kuja kuangalia dobi." Kisha akapapasa mfukoni kwa mkono wake mzima, akatoa kalamu. "Haya, Wilf. Nimechelewa, lakini niko hapa. Nisaini wapi?"

Wilf aliivuta jezi, akaitazama chini ya kola, mahali palipongoja tangu sabini na mbili, na hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nimepajaza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuliko ule uongo wenyewe.

Halafu akachukua kalamu kwa Len, akanipa mimi.

"Wewe kwanza," alisema. "Jina lako. Nataka kitu kimoja cha kweli kwenye jezi hii kabla sijafa."

"Baba, siwezi."

"Umeweza kumi na moja, la kumi na mbili likushinde? Andika, binti wa Hagthorpe."

Niliandika chini kabisa, kwenye pindo, herufi zikipanda na kushuka, Lorna, na baada ya kufikiri nikaongeza Hagthorpe. Len akaandika la kwake pembeni, limepinda vibaya. Wilf aliinua jezi karibu na dirisha, akasoma, akatikisa kichwa.

"Nilijua," alisema. "Hawa wa Hagthorpe hawana mwandiko."

Kisha akanituma tena birika, na safari hii nilikwenda.