Wifi Namsifu Mia Tatu Ndani ya Paja la Mume Wangu

Jana mchana usingizi ulinichukua kwenye kiti cha wodini, nikaota nimeingia ndani ya paja la mume wangu.

Mbonea alikuwa amelala, dripu inadondoka. Ilikuwa miezi saba tangu apandikizwe uboho wa dada yake, Namsifu, na miezi miwili tangu daktari atuambie saratani ya damu imerudi. Wakamwongezea chembe nyingine za dada yake, wakamwachisha vidonge vya kuzituliza, wakasema tusubiri. Mimi kusubiri sijui. Nilikuwa nimepiga magoti hadi yakaota sugu.

Stendi ya dripu ikakohoa.

"Kusubiri ni kazi ya mgonjwa," ikasema. "Wewe shuka ndani. Mlango uko gotini."

Ulikuwepo kweli, wa bati, na komeo lake. Nikainama, nikapita.

Ndani hakuna giza. Ni saa nne asubuhi, mlimani kwetu Upareni, jua limetoka vizuri. Kwenye mikeka wamekaa wifi Namsifu kama mia tatu, wote kitenge kimoja, wanakunywa chai kimya kimya. Nikashangaa, maana wifi yangu ni mkulima wa tangawizi, hata msibani hakai.

"Wifi, mbona mmekaa?"

"Karibu, wifi," wakaitika wote mia tatu. Wa mbele akaweka kikombe chini. "Sisi humu ni wageni. Vidonge vilikuwa vinapita asubuhi na jioni, vinatuambia: tulieni, msiharibu nyumba ya watu."

"Vidonge vilisimamishwa mwezi jana!"

"Hatukupewa taarifa."

Nyuma yao magugu meupe yamesimama hadi kifuani, yanapiga mluzi. Moja likaja, limevaa suti. Lilikuwa na uso wa Mbonea.

"Mama, hapa ni kwetu," likasema kwa adabu. "Nimezaliwa humu. Hawa ni watu wa kuja." Likatoa kitambulisho. Picha ni ya Mbonea.

Lilikuwa linasema kweli. Lilitoka kwake, damu yake mwenyewe. Nikautazama ule uso nilioolewa nao. Kisha likacheka, na kicheko hakikuwa chake. Mbonea akicheka hufumba jicho moja. Lile lilinikodolea yote mawili.

Nikaligeuzia mgongo.

"Wifi, mna muda gani humu?"

"Miezi saba na siku nne."

"Na siku ya tatu, mlipewa jembe?"

Vikombe vyote vikashuka mkekani kwa pamoja.

"Hatukupewa."

"Basi kosa ni letu sisi wenyeji. Tusameheane. Mgeni siku mbili…"

"Ya tatu mpe jembe!" wakamalizia, na mfupa mzima ukatikisika.

Nikafungua mkoba wangu wa hospitali. Chini ya chupa ya uji kulikuwa na majembe, yote yana mpini. Nikagawa. Wanakaza vitenge viunoni, wanatema mate viganjani. Wa mwisho akanipa lake.

"Na wewe, wifi? Humu u mgeni?"

"Nimeolewa humu miaka kumi na tisa."

"Basi lima."

Nikalima. Magugu yanang'oka kama kotimiri, mizizi na yote. Lile la suti linapiga kelele kwamba litakwenda kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti ni mimi," stendi ikajibu kutoka juu. "Endeleeni."

Tunaimba. Goti limekwisha, paja limekwisha, mtu anaita, "Nyongani bado!" na sote tunapanda mbio, vumbi jekundu linatimka, nami nacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana.

"Mke wangu, amka. Viganja vinaniwasha."

Mbonea alikuwa amekaa kitandani, anajikuna. Viganja vilikuwa na vipele vyekundu. Nesi akaviangalia, akamwita daktari. Daktari akavibonyeza, akatabasamu.

"Chembe za dada yako zimeamka," akasema. "Zikianza kuichokoza ngozi, mara nyingi na saratani huwa zinaishambulia. Tutazichunga zisizidishe, na kesho tutapima damu. Lakini hii ndiyo dalili tuliyokuwa tunaiomba."

Mbonea akacheka, akafumba jicho moja. Kisha akanishika mkono, akautazama, akaugeuza.

"Mama, humu ghorofani umelima wapi?"

Kucha zangu zote kumi zilikuwa na udongo mwekundu. Nikaenda kunawa, maana wodi ile ina masharti yake. Lakini kwanza nilinusa.

Tangawizi.